Kuipanga Mali ya Mwalimu Gidamis

Kosa langu kubwa kuliko yote kazini nililifanya kwa kubofya mara moja tu, saa nane mchana, nikiwa nimeshiba makande na sina haraka yoyote. Nawaambia mapema, vijana, kwa sababu najua mnavyotufikiria sisi wastaafu. Mnadhani tulikosea kwa kuwa kompyuta zilikuwa ngeni kwetu. Siku ile nilikuwa naijua programu vizuri. Nilichokuwa sikijui ni mali ya mtu aliyekaa mbele yangu.

Mimi ni Yasinta, wengi wananiita Mama Boay, mzaliwa wa kijiji cha Daudi. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye chama cha akiba na mikopo pale Haydom, na miaka ya mwisho nikawekwa kwenye meza ya ushauri. Wanachama wetu walikuwa wauguzi, walimu, madereva wa hospitali, na wachache wenye maduka. Wakikaribia kustaafu walikuja na bahasha zao, nami nikaingiza kila walichonacho kwenye programu ya fedha binafsi. Kila kitu nilikipa kundi lake la mali, kisha programu ikachora duara la rangi. Mtu alilitazama duara lile akaona, pengine kwa mara ya kwanza maishani, mali yake imekaaje.

Ninyi leo simu inawapangia yenyewe makundi hayo, mnafurahi. Ngojeni kidogo.

Makundi yenyewe hayakuwa mengi. Kijani ilikuwa fedha taslimu, ile unayoweza kuifuata kesho ukaikuta ilivyo. Bluu ilikuwa hati fungani, yaani umeikopesha serikali nayo inakulipa riba kidogo kidogo mpaka muda uishe. Nyekundu ilikuwa hisa, kipande cha kampuni, leo kinapanda kesho kinashuka. Kahawia ilikuwa ardhi na majengo. Mwishoni kulikuwa na kijivu, kimeandikwa "Nyingine".

Kijivu hicho kiliniponza mwezi wangu wa kwanza. Kitu nisichokielewa nilikitupa humo. Ng'ombe, humo. Mashine ya kusaga, humo. Vipande vya mfuko wa pamoja, ule unaokusanya fedha za watu wengi na kuziwekeza, wakati huo sikujua ni nini, humo. Aliyenifundisha kazi, Bi Zainabu, mhasibu wetu kutoka Tanga, akaja akasimama nyuma ya kiti changu akaangalia duara nililomtengenezea muuguzi mmoja.

"Yasinta," akasema, "hapa umempikia mtu ugali mtupu. Mboga iko wapi?"

Duara lote lilikuwa kijivu.

Akavuta kiti akakaa. Bi Zainabu alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na sweta mbili kila asubuhi kwa sababu baridi ya kwetu hakuizoea mpaka anahama. Akaniambia nikikwama nijiulize swali moja: kitu hiki kikianguka, kitaanguka na nani? Vinavyoanguka pamoja vipewe rangi moja. Swali hilo lilinisaidia kuliko semina zote nilizowahi kupelekwa, pamoja na ile ya Arusha tuliyopewa mikoba.

Alinifundisha pia kukataa. Mwanachama mmoja alitaka nimwingizie kwenye mali mahari anayoitarajia ya mabinti zake wanne. Nikauliza mabinti wana umri gani. Akasema mkubwa yuko darasa la tatu. Nilimtazama Bi Zainabu kuomba msaada, naye akainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka, mabega yakimtikisika.

Sasa, Mwalimu Gidamis.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa kijiji cha Tumati, mtu mrefu, mpole, aliyezungumza kana kwamba kila sentensi itasahihishwa. Alikuwa amefundisha muda mrefu upande wa Hanang, karibu na Katesh, kabla ya kuhamia nyumbani. Alikuja kwangu baada ya kupata kiinua mgongo chake. Hakuja na bahasha. Alikuja na daftari ambalo alikuwa ameandika vitu vyake kwa mwandiko wa ubaoni, na nikaona huyu ni mtu safi, kazi itakuwa nyepesi.

Akasoma, nikaandika. Fedha kiasi benki ya hapa Haydom. Ng'ombe wawili wa maziwa na maksai wawili. Shamba la vitunguu saumu. Vipande vya mfuko fulani wa uwekezaji. Jina la mfuko silitaji, ila lilikuwa na neno "salama" ndani yake.

"Na nina hati kule Katesh," akasema.

"Hati ya Katesh," nikarudia, nikaandika. Kichwani nikaona kiwanja. Huku kwetu mtu akikwambia ana hati, unaona kiwanja, unaona mawe ya mipaka, unaona shemeji anayetaka kukinyang'anya. Nikaipa rangi ya kahawia. Sikuuliza hata neno moja.

Kisha nikafika kwenye mfuko. Programu ikaniuliza kundi lake. Karatasi ya taarifa ya mfuko ilikuwepo kabatini, hatua nne kutoka kiti changu. Nikaangalia jina, nikaona "salama", nikabofya kijani. Fedha taslimu.

Duara likatoka zuri, kijani kimejaa.

"Mama Boay," Mwalimu akauliza, "binti yangu Neema anaingia mwaka wa mwisho chuo cha utabibu mwezi wa kumi. Ada yake itoke wapi? Hizi za benki nilitaka kununulia mashine ya kumwagilia vitunguu, lakini naogopa."

Nikamwonyesha kijani kwa kidole. "Nunua mashine, Mwalimu. Hizi zilizo kwenye mfuko ni sawa na fedha mkononi. Ziache hapo, mwezi wa kumi utazitoa."

Akashukuru. Akaniletea hata vitunguu saumu kwenye gazeti, wiki iliyofuata.

Mwezi wa tisa ukiwa unaisha, akanipigia simu. Tukasalimiana vizuri, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mvua bado. Kisha akasema, kwa upole wake uleule, "Mama, nimepata ujumbe kutoka kwenye mfuko. Thamani imeshuka, karibu robo imeondoka. Nikawaza, labda sijaelewa. Fedha taslimu inashukaje?"

Fedha taslimu haishuki, mtoto wa darasa la tano anajua. Nikamwambia nitampigia. Nikaenda kabatini, zile hatua nne, nikatoa karatasi ya mfuko. Ukurasa wa pili, kwenye jedwali dogo ambalo hata miwani haikuhitajika: sehemu kubwa hisa, kisha hati fungani, na fedha taslimu kidogo sana, kama chumvi. Soko la hisa lilikuwa limeshuka na mfuko ukashuka nalo. Wenye mfuko hawakumdanganya mtu, maana waliandika kila kitu. Mimi ndiye niliyesoma jalada.

Nikampigia. Nilitaka kumweleza, lakini akaniwahi.

"Usihangaike, Mama. Nimekwisha kuamua. Nitatoa zilizobaki, na kufidia upungufu nitauza maksai Jumamosi mnadani. Neema hawezi kukosa mwaka wa mwisho."

Kama hujawahi kulima kwa ng'ombe huwezi kujua uzito wa maneno hayo. Mvua za kwetu zilikuwa karibu. Mtu anayeuza maksai mwezi wa tisa ukiisha atalima na nini?

Nikaenda kwa Bi Zainabu nikamweleza yote, nimesimama. Nilitegemea anifokee. Akavua miwani, akasema, "Utampigia tena simu?"

"Nitaenda."

"Hapo sawa. Chukua laptopu ya ofisi. Usiende kuomba radhi tu, nenda ukaipange mali yake upya kuanzia mwanzo, na safari hii kila kitu ukione kwa macho yako. Na Yasinta, kama kitu hakina karatasi, usikipe rangi."

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilipanda basi hadi njia panda, nikachukua bodaboda mpaka kwa Mwalimu, laptopu nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Nilimkuta anatengeneza kamba za kuwafungia maksai kwenda mnadani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Boay. Umekuja mpaka huku? Karibu ndani. Mama Neema! Tuna mgeni."

Mke wake akaleta chai ya maziwa. Sikuinywa kwanza. Nilisema, "Mwalimu, nina jambo la kukuambia mbele ya Mama. Mfuko ule haukuwa fedha taslimu. Ni hisa kwa sehemu kubwa. Karatasi ilikuwa ofisini kwangu na sikuisoma. Nilikuambia uziache, na nilikosea. Kosa ni langu, si la soko."

Nje maksai mmoja akakohoa. Mwalimu aliangalia mikono yake.

"Nimefundisha miaka thelathini na zaidi," akasema hatimaye. "Wanafunzi wangu wengi walikosea. Waliokuja wenyewe kuniambia nawakumbuka kwa majina, kwa sababu ni wachache." Akainua uso. "Lakini nimeumia, Mama. Nisikufiche. Nimeumia."

"Najua, Mwalimu."

"Basi kunywa chai, halafu utuonyeshe."

Nikafungua laptopu mezani. Nikaanza na ule mfuko. Programu ilikuwa na sehemu ambayo siku zote niliipita kwa uvivu, ya kugawa kitu kimoja katika makundi kadhaa kwa asilimia. Vijana, hii ishikeni. Mfuko ni kama gunia lenye mahindi, maharage na ngano. Huwezi kulipaka gunia zima rangi moja. Unafungua karatasi, unasoma jedwali, unaweka hisa kiasi chake, hati fungani kiasi chake, taslimu kiasi chake, na kila mwaka unaisoma tena maana wanaopanga mfuko wanabadilisha. Nilipomaliza, kijani kikasinyaa mpaka kikawa uzi.

Tukaja kwa ng'ombe. Nilikuwa nimewatupa wote wanne kwenye "Nyingine". Mama Neema alikuwa amesimama nyuma yetu, mikono imekunjwa, akitazama kioo.

"Hao maksai umewaweka pamoja na ng'ombe wa maziwa?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Wote si mifugo?"

"Mahindi ya mbegu na mahindi ya ugali si mahindi? Hebu pika ya mbegu, tuone utapanda nini." Akamgeukia mumewe. "Maksai si akiba. Ni mikono. Mtu hauzi mikono yake kulipa ada."

Mwalimu akaguna. Nilihisi mabishano hayo yalianza kabla sijafika. Lakini nikafanya kama alivyosema, nikawaondoa maksai kwenye orodha kabisa, wakakaa pembeni na jembe. Tangu siku ile, kila mwanachama aliyekuja na orodha, nilianza kwa kumuuliza kipi kati ya hivi kinafanya kazi na kipi kimepumzika. Hakuna semina iliyowahi kunifundisha hilo.

Ikabaki kahawia. Shamba la vitunguu, nililiona dirishani, lilikuwa na mashine mpya. Kisha hati ya Katesh.

"Mwalimu, hiki kiwanja cha Katesh ni kikubwa kiasi gani?"

"Kiwanja gani?"

"Hiki chenye hati."

Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu swali la somo lingine. "Mimi sina kiwanja Katesh. Nilikuwa nacho, nikakiuza kabla ya kuhama. Fedha ile nikainunulia hati ya serikali, kupitia benki palepale."

Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni. Nikakirudisha mezani.

"Hati fungani?"

"Ndiyo, hiyo. Ya miaka kumi. Bado miaka mingi, ndiyo maana sikuihesabu."

"Mwalimu, naomba niione."

Mama Neema akaingia chumbani akatoka na bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi wa katani. Ndani kulikuwa na karatasi moja, imekunjwa mara nne. Niliisoma neno kwa neno, mara mbili, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa chekechea. Riba ilikuwa inalipwa kila baada ya miezi sita, kwenye akaunti yake ya Katesh.

"Mwalimu, hii riba umekuwa ukiichukua?"

"Riba si inakaa hukohuko mpaka miaka kumi iishe?"

"Akaunti yako ya Katesh iko hai?"

"Sijui. Namba ya simu niliyoandikisha kule ilipotea nilipohama. Sijakanyaga pale tangu nirudi nyumbani."

Mama Neema akakaa chini. Mimi nikaogopa kufurahi. Nilikuwa nimemwahidi mtu huyu kijani mara moja, sikutaka kumwahidi bluu tena kabla ya kuona. Nikamwambia hivyohivyo: "Mwalimu, karatasi inasema ipo. Lakini sisemi ipo mpaka benki waseme. Jumatatu twende wote. Ninachokuomba, kesho usiende mnadani."

Akaangalia zile kamba. Akamwangalia mkewe. Mama Neema alizichukua kamba akazitundika ukutani mahali pake.

Jumatatu tulikutana Haydom tukapanda basi la Katesh. Njia nzima hadi Basotu Mwalimu alikuwa ameishika ile bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nasali, nasema kweli. Kupita mashamba ya ngano, mlima Hanang ukiwa na wingu kichwani, nilikuwa nawaza: na kama akaunti imefungwa? Na kama nimesoma vibaya tena? Mtu akikosea mara mbili kwa mtu mmoja hana tena uso wa kwenda Tumati.

Benki, dada wa dirishani alichukua kitambulisho na kadi ya zamani iliyochakaa. Akabofya, akakunja uso, akabofya tena. Akasema akaunti imelala kwa kukosa kutumika, kuna fomu ya kuiamsha. Mwalimu akajaza fomu kwa ule mwandiko wa ubaoni, polepole, huku foleni nyuma yetu ikianza kunung'unika. Kisha mashine ikatoa karatasi, na dada akaisukuma chini ya kioo.

Mistari sita. Kila mmoja umeandikwa riba, kila mmoja umeachana na mwenzake miezi sita. Mwalimu aliisoma kama anavyosahihisha mtihani, mstari kwa mstari, kidole chini ya tarakimu. Akafika mwisho kwenye jumla.

"Inatosha," akasema. Kisha, kana kwamba hakujisikia, akasema tena kwa nguvu mpaka mlinzi akageuka: "Mama Boay, ada inatosha! Na hosteli!"

Nikaenda kusimama pembeni, karibu na bango la matangazo, nikajifanya nalisoma. Sikusoma hata herufi.

Neema alirudi chuoni mwezi wa kumi bila kuchelewa hata siku moja. Vipande vya mfuko hatukuvigusa, tukaviacha vipumue, na baada ya muda vikapanda tena mpaka karibu pale vilipokuwa. Sisemi hivyo ili mjifariji kuwa makosa hujirekebisha. Vingeweza kushuka zaidi. Kilichomwokoa Mwalimu ni karatasi iliyokunjwa mara nne, na mke aliyejua inakaa wapi.

Ofisini, Bi Zainabu alinitaka nisimulie kosa langu mbele ya wenzangu wote, kwenye kikao cha Jumatano. Nilisimulia. Mmoja akacheka kwenye ile sehemu ya kiwanja, kisha akainuka ghafla, akatoka nje. Tulimkuta kabatini anatafuta faili za watu wake watatu ambao nao walimwambia wana hati. Mmoja kati ya hao watatu alikuwa kama Mwalimu, hati yake ilikuwa fungani wala si ya kiwanja.

Kwa hiyo, vijana, simu yenu ikiwapangia makundi, ishukuruni, halafu mwombeni mwenye mali awaonyeshe karatasi. Neno "salama" ni la mwenye kutangaza. "Hati" ni zaidi ya moja. Na mtu akikwambia "sikuihesabu", acha kuandika, umsikilize.

Nilidhani Mwalimu Gidamis hatarudi tena kwenye meza yangu. Kulikuwa na wafanyakazi wengine wawili pale, angeweza kwenda kwao, na nisingemlaumu. Wiki kadhaa baada ya mavuno ya vitunguu nilinyanyua kichwa nikamwona mlangoni, na nyuma yake walimu wastaafu wanne, wanawake wawili na wanaume wawili, wamevaa vizuri kama wanakwenda kanisani.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibuni."

"Marahaba. Mama Boay, nimekuletea hawa. Mwenzako pale alitaka kuwahudumia, nimekataa. Nimewaambia wapangiwe na wewe."

"Mwalimu," nikasema kwa sauti ya chini, "umewaambia lililotokea?"

"Nimewaambia lote, tangu mwanzo. Ndiyo maana wamekuja kwako." Akavuta kiti cha kwanza akamkaribisha mama mmoja akae. "Wamebeba karatasi zote. Hata za baiskeli."